Vitambaa vya Mama wa Masjala

Pale ofisini kwetu Temeke, kila mwaka mie ndiye niliyekuwa nahakiki kompyuta zote kwa namba zake. Mwaka ule joto lilikuwa limebandua karibu stika zote za namba. Kwa hasira nikaanza kutupa pembeni vitambaa alivyofuma mama wa masjala kufunikia mashine zisishike vumbi. Vilikuwaga vinanikera tangu zamani.

“Taratibu, mwanangu,” alisema. “Kila kimoja kina mashine yake.”

Akanionyesha pindo la kimoja. Katikati ya maua alikuwa amedarizi namba ya kompyuta ile. Nikaangalia cha pili, cha tatu, nikavimaliza vyote. Miaka yote nilidhani ni maua tu.

Asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia. Nikajikuta nampa shikamoo nyingine.