Fundi wa Makaburi Anajenga Mnara

Ukipita huku Bukoba, Nyanga au Kagondo, au hata kule Muleba, ukaona katikati ya migomba kaburi linalong'aa kuliko nyumba ya marehemu, ujue huenda limejengwa na Gozbert Karugendo. Ana miaka hamsini na nne, mabega ya kubebea saruji, na kikohozi alichokipata kwa kukata vigae bila kujifunga kitambaa puani. Huku kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba, chini ya migomba aliyoipalilia mwenyewe. Watoto walioko Dar es Salaam, ambao hawakuwahi kumletea mzee hata bati moja, humletea vigae akishakufa. Karugendo hawahukumu. Huwauliza tu, "Na mzee alipenda rangi gani?" Hakuna anayejua. Basi huweka nyeupe.

Kaburi moja tu hajalijenga, la baba yake.

Baba huyo, Kaijage, aliondoka nyumbani Kagoma, Muleba, mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipokuwa yamevuka mpaka na wanaume wakihitajika kubeba mizigo ya jeshi letu kwenda mbele. Karugendo alikuwa na miaka saba. Vita vikaisha. Wengine walirudi kwa miguu yao, wengine ikarudi habari yao. Kwa Kaijage haikurudi hata habari. Kila aliyemuuliza mke wake, Kokwijuka, alijibiwa kwa sauti ya kusikika hadi kisimani: "Yuko Masaka, huko Uganda. Ameoa mwanamke mwenye meno ya mbele kama mlango wa stoo. Mkimwona, msalimieni."

Shuleni wenzake walimwita Karugendo Mtoto wa Masaka. Alipigana, akapigwa, akakua. Nguo zilimbana akaziacha, jina lilibaki linamtosha. Hata sasa, mtu akizidiwa na pombe ya rubisi kilabuni, humuuliza kama mama yake wa kambo amefika kwa daktari wa meno.

Mwaka huu kata ya Kagondo iliamua kuwa na mnara wake wa vita. Mjini upo mnara, na Kaboya, kule Muleba, yapo makaburi ya jeshi yaliyonyooka mistari kama yanasubiri kukaguliwa. Lakini wabebaji na mgambo, waliokwenda bila namba wala viatu, hawakuandikwa popote. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Byarugaba, mstaafu wa somo la historia, nshomile wa kweli, msomi wa kujionyesha, mtu asiyeweza kukuomba chumvi bila kuanza na mkutano wa Berlin. Alikusanya majina arobaini na moja kutoka Bukoba hadi Muleba, kila moja na shahidi wake. Kisha akachora mchoro: nguzo ndefu yenye ncha, na mbele yake askari wa saruji ameinua bunduki kuelekea kaskazini.

Kazi akapewa Karugendo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuchonga herufi kwenye saruji zikakaa.

"Mwalimu," Karugendo alimwambia siku ya kwanza, akiangalia chini. "Kuna jina moja zaidi. Kaijage, wa Kagoma."

Byarugaba alivua miwani. "Baba yako? Lete shahidi."

"Sina."

"Basi, ndugu yangu, mnara huu ni wa waliokufa. Si wa walioko Masaka."

Karugendo alichukua mchoro akaenda kuchanganya kokoto. Alikuwa amejiambia kwamba hataumia.

Shida ilikuwa mikono yake. Kwa miaka thelathini ilikuwa imejenga kitu kimoja, na haikujua kingine. Msingi ulitoka na urefu wa mtu aliyelala. Juu yake kikaja kifua cha saruji, kichwani kikainuka kibao cha mteremko, na kwenye kibao akaacha bila kufikiri kijidirisha cha kuwekea picha ya marehemu. Nguzo ilikuwepo, ndiyo, lakini fupi, imejificha nyuma kama mkwe. Na askari! Karugendo hakuwahi kuumba binadamu aliye hai. Alichojua ni malaika. Basi askari akawa na mashavu ya malaika, nywele za malaika, na macho yaliyoinuliwa mbinguni, huku bunduki imelala mikononi mwake kama mtoto anayesubiri kubatizwa.

Siti, anayeuza chai na vitumbua hapo njia panda mnara unapojengwa, alimzunguka askari mara mbili.

"Fundi, huyu akikutana na adui atampiga risasi au atamwombea?"

"Bado sijamaliza."

"Usimmalize, maskini. Muache hivyohivyo."

Asubuhi iliyofuata, wakulima wa Kagondo walipita na majembe yao, wakaliona kaburi jipya njia panda. Huku, palipo na msiba hakuna anayelima. Jembe hulazwa chini hadi marehemu astiriwe na waombolezaji watawanyike. Hakuna aliyeuliza, maana ni aibu kuonekana hujui jirani yako amekufa. Majembe yakarudi nyumbani. Wanawake wakaja na ndizi na kuni, wanaume wakakaa kwenye nyasi wakizungumza kwa sauti ya chini. Siku mbili nzima hapakulimwa hata tuta. Byarugaba alipofika, mzee mmoja alikuwa amesimama anaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mkarimu.

"Mnamlilia nani?" Byarugaba alifoka.

Watu wakatazamana.

"Tulikuwa tunasubiri utuambie, Mwalimu," Siti alijibu.

Byarugaba alirusha mikono, akamrushia Karugendo maneno ya Kiingereza, akamalizia kwa Kihaya yalipomwishia. Watu wakachukua ndizi zao wakaondoka, wengine wakinung'unika kwamba hata marehemu hawakuonyeshwa.

Lakini habari ilikuwa imeshaondoka kabla yao. Ilifika Kagoma ikiwa imebadilika njiani: Karugendo amemjengea tata yake, baba yake mzazi, kaburi, tena barabarani.

Siku ya tatu Kokwijuka akaja. Alikuja kwa pikipiki, ameketi upande, miaka sabini na mbili, mwavuli mkononi kama upanga.

"Nani amekwambia baba yako amekufa?" alianza kabla hajashuka.

"Hakuna, Mama. Huu ni mnara."

"Sijui kaburi mimi? Nimezika ukoo mzima." Alilizunguka taratibu, akagonga kibao kwa ncha ya mwavuli, akasimama mbele ya askari. "Na huyu malaika alikosa nini mpaka akanyang'anywa mabawa?"

"Ni askari."

"Pole yake."

Byarugaba alikuja mbio kumsalimia na kumweleza: kamati, wabebaji, majina arobaini na moja. Kokwijuka alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wanafunzi wa Mwalimu hawakuwahi kuliweza.

"Na Kaijage hayumo."

Byarugaba alikohoa. "Waitu, kwa heshima zote, wewe mwenyewe miaka yote umesema..."

"Nilisema." Alimgeukia mwanawe. "Wilbert tulimzika lini?"

Wilbert alikuwa mdogo wake Kaijage, baba mdogo wa Karugendo. "Mwaka jana, mwezi wa sita."

"Kaburi ulijenga wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulifunika vizuri?"

"Nondo za milimita kumi na mbili, Mama, na zege juu."

"Hawezi kutoka?"

"Mama!"

"Basi niseme." Aliusimika mwavuli chini. "Baba yako amekufa tangu vita. Lori la risasi lilipinduka, maboksi yakamlalia. Dereva alikuja kunieleza vita vilipoisha, mtu mwema, mguu umevunjika. Nilimpikia ndizi, nikamwapisha asimwambie mtu, nikamsindikiza hadi barabarani. Ningefanya nini? Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Wilbert alikuwa anapita kila jioni kuangalia migomba, na mimi pamoja nayo, kama mtu anayechagua. Ningesema nimefiwa, ungekuwa mtoto wa kulelewa naye, kibanja kingekuwa cha kutunzwa naye, na mimi ningekuwa wa kurithiwa au wa kurudishwa kwetu. Lakini mume aliyetoroka bado ni mume. Anaweza kurudi kesho na panga. Wilbert aliliogopa lile panga miaka arobaini na mitano."

Siti alikuwa ameshika kikombe cha mteja, chai inamwagikia vidole, hasikii.

"Alikufa wapi?" Karugendo aliuliza.

"Huko Uganda, kabla hawajafika Masaka. Alikuwa njiani. Mimi nilimmalizia tu safari."

"Na yule mwanamke?"

"Yupi?"

"Wa meno, Mama. Wa meno!"

"Ah. Nilimtunga jioni moja, namenya ndizi."

Karugendo alisimama na patasi mkononi, mtu mzima mwenye wajukuu, na uso wake ukawa wa mtoto wa miaka saba. "Nilivunjwa jino kwa ajili yake."

"Najua. Niliosha damu."

"Ningekuwa mtoto wa marehemu. Watu wangeniheshimu."

"Wangekuheshimu bila kibanja."

"Na nilipokuwa mkubwa? Nilipooa?"

"Wilbert alikuwa hai. Na wewe ukionja rubisi unasema hata ya majirani."

Siti alicheka, akajizuia kwa kiganja. Byarugaba alivuta daftari lake, sauti imempungua. Shahidi alikuwa amepatikana, alisema, ingawa kwa utaratibu kamati italazimika kukaa.

"Kaa basi, Mwalimu," Siti akamsogezea benchi. "Kiti hiki hapa."

Akakaa. Akaangalia daftari, akamwangalia mama, akaandika namba arobaini na mbili.

Karugendo alipiga magoti mbele ya kibao, akaanza kuchonga. Hakumtazama mama yake. "Tarehe," alisema, kama anavyowauliza wateja.

"Ishirini, mwezi wa pili, mwaka sabini na tisa. Jumanne."

Jibu lilitoka bila kutafutwa. Karugendo aliacha kuchonga kidogo. Miaka yote ile alidhani mama yake haihesabu siku yoyote isipokuwa ya soko. Kisha patasi ikaendelea, herufi baada ya herufi, vumbi la kijivu likimwangukia magotini. Alichonga vizuri kuliko alivyowahi kuchonga, kwa hasira, mdomo umefungwa.

"Umekasirika?" Kokwijuka aliuliza.

"Ndiyo."

"Kasirika. Unayo haki."

Jina lilipokamilika, Kokwijuka, ambaye hajui kusoma, aliuliza lilikoanzia na lilikoishia, akapitisha kidole. Akafungua mdomo alie. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Nimesahau namna," alisema, kwa mshangao wa kweli.

Siti aliweka birika chini. Hakumjua Kaijage, lakini amelia kwenye misiba mingi. Akaanza kwa ajili yake, kwa maneno yale ya siku zote: ewe mpole, ewe simba wa vita, ewe uliyekuwa mrefu kama mlingoti...

"Ngoja, ngoja," Kokwijuka alimkatiza. "Hakuwa mrefu. Alinifikia hapa. Na upole gani? Alikuwa na gubu, na alikoroma, na alichukua blanketi zuri akaniachia lenye matundu. 'Nitarudi nalo,' ananiambia. Nitarudi nalo!" Sauti ikakatika hapo, na kilichokuwa kimekwama kikatoka chote.

Akaketi kwenye ngazi ya mnara, ile ambayo Karugendo alikuwa ameipiga nili, saruji laini ya kung'arisha, asubuhi hiyo, bado mbichi. Karugendo alimwacha alie peke yake kwa muda, maana alikuwa hajamsamehe. Kisha akaweka patasi chini, akaketi karibu naye.

Byarugaba aliona nili ikibonyea chini yao wawili. Akaiacha, akamwomba Siti chai bila kuanza na Berlin.