Swichi ya Marehemu Hiram

Rahab, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Section 58, hakuwa na shaka: shemeji yake Jamleck ndiye aliyelichezea gari. Alikuwa akilimezea mate tangu Hiram, mumewe Rahab, azikwe. Leo Rahab alitarajiwa Subukia kupeleka mahari ya mwanawe, na injini ilizunguka tu bila kuwaka, majirani wakitazama.

"Mathe, fungua swichi lakini usipige stata," alisema Kipchirchir, fundi kutoka Bondeni. Wakasikiliza. "Pampu ya petroli hailii kabisa. Umeme wake umekatwa mahali."

"Nilijua! Ni Jamleck."

"Basi mpigie atuambie amekata wapi."

Alipiga simu akiwa tayari kumwita mwizi. Jamleck akacheka.

"Shemeji, chini ya kiti cha dereva kuna swichi ya kuzuia wezi. Hiram aliiweka kitambo. Kwani hakukuonyesha?"

Rahab alikumbuka kwamba jana alifagia hapo kwa nguvu; lazima ufagio uliigonga swichi ikazima. Fundi alibonyeza, pampu ikanguruma, gari likawaka mara moja.

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na Hiram alimwonyesha ndugu yake tu.

"Kijana," alisema Rahab akifunga mkanda, "majirani wakikuuliza, ilikuwa fyuzi."