Sufuria ya Bi Hilwa na Pikipiki za Mchangani

“Hawapigi honi! Wanakuja kama wezi, halafu wanasema nimewazibia njia. Njia gani? Nani kakuonyesha njia huku?”

Bi Hilwa alikuwa amesimama katikati ya mchanga wa jangwa la Dubai, mtandio umemshuka mabegani, mkono mmoja kiunoni, na mkono wa pili umeshika sufuria iliyobonyezwa kama kopo la soda. Mbele yake alisimama Zadock, kijana wa Vihiga anayeongoza wageni wanaokodi zile pikipiki za magurudumu manne. Ilikuwa asubuhi ya Januari, baridi ya kuvaa sweta, na kijana anatoka jasho.

“Mathe, tumepiga honi. Mimi mwenyewe nimepiga mpaka wageni wangu wakaziba masikio.”

“Uwongo!”

“Haki ya Mungu.”

“Mungu usimtie kwenye mapikipiki yako. Tazama sufuria yangu! Na pilau iko wapi? Mchanga umeila.”

Pilau hiyo ilikuwa yetu sote. Sisi wanawake watano tulikuwa tumemaliza kutembea, tumekaa mkekani chini ya mti na matumbo matupu, tunasubiri iive. Mgeni mmoja, mwanamume mzima na ndevu zake, akaruka mgongo wa kilima akatua juu ya moto wetu. Hakuumia. Pikipiki haikuumia. Bi Hilwa naye alikuwa ameinuka pale motoni dakika hiyohiyo kufuata sahani alizosahau kwenye kapu. Mungu akitaka kukuokoa hukusahaulisha hata sahani.

“Sufuria nitakununulia, mathe,” Zadock akasema. “Jumamosi ijayo.”

“Na mfuniko. Mfuniko unaobana. Usiniletee bati la kufunikia ndoo.”

Alikuwa na haki. Yeye pilau yake huipalia: makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na mfuniko usipobana unakula majivu. Sisi wa bara tunapika pilau kwa moto wa chini tu na tunajisifu, mpaka siku tutakayoonja ya Bi Hilwa.

Nimweleze huyu mama, kwa maana anayemwona akigombana mchangani atadhani hana kazi. Alizaliwa Unguja akaletwa Dubai angali anabebwa. Mtaani kwake Rashidiya wanamwita mama wa basi. Alikaa kiti cha mbele cha basi la shule ya wasichana mpaka nywele zikageuka nyeupe, akiwapandisha na kuwashusha watoto wa watu, “Yalla, yalla, binti, mama yako hakukuzaa konokono!” Wasichana hao leo ni wake za watu, na wakikutana naye dukani wananyoosha migongo.

Marehemu mumewe, Marhun, aliendesha lori la maji. Huyo ndiye aliyemwonyesha bonde hili tunalotembea. Ukipita mtaa wa Silicon Oasis nyumba zinapungua, nyaya za uzio zinaisha, halafu unaona vilima viwili vya mchanga na katikati yake bonde lenye miti michache ya ghafu. Kila majira ya baridi alimpeleka huko na watoto, kashta, yaani mandari ya jangwani, wanapika, wanalala kivulini, wanarudi jioni na mchanga ndani ya masikio. Mume akafa, yeye akastaafu, sukari ikampanda. Daktari akasema tembea. Mwanawe Hazim, kijana mwema ila anapenda sana vitu vya kuchomeka kwenye umeme, akampeleka kutembea ndani ya jumba la maduka asubuhi.

“Nizunguke maduka na milango imefungwa?” akanambia siku alipoleta gauni la kupunguza hapa kwangu Al Baraha, ninakoshona nguo. “Mie mlinzi? Afadhali mchangani. Rispah, shoga yangu, weye huna sukari lakini kiuno hicho chataka kutembezwa. Jumamosi uje.”

Nikaenda. Sijaacha tangu hapo.

Sasa shida. Kiangazi mchanga huu hauna mwenyewe, unaukuta unakaangika peke yake. Ikifika Novemba kila mtu anaukumbuka. Wenye mahema wanakuja, wenye ngamia wanapita, wenye miguu ndio sisi, na wenye pikipiki ndio akina Zadock, ambao arbab wao, yaani tajiri wao, alifungua banda la kukodisha ng’ambo ya kilima. Hakuna kibao kinachosema hapa pa nani. Wao wanataka vilima, sisi tunataka bonde, na huwezi kukifikia kilima bila kukata bonde. Kila upande unasema tulianza sisi. Moshi tunavuta sisi, kelele tunazisikia sisi, na nyayo zetu wanazifuta wao kabla hatujageuka. Halafu ukisema wanakwambia, madam, mchanga ni wa wote. Ndiyo, ni wa wote, mpaka injini iwashwe.

Mwanzo wa msimu Hazim alikwenda bandani akapatana na Zadock kiume. Pikipiki zitapiga honi kabla ya kupanda mgongo wa kilima, maana aliye upande wa pili haonekani, na wenye miguu wakiisikia watasogea kwenye miti. Wakashikana mikono. Bi Hilwa alikuwepo. Akasema, “Haya, wapige.”

Jumamosi baada ya sufuria kubonyea tulirudi. Sufuria mpya hakuna, Zadock anasema duka lilifungwa. Nilikuwa natembea nyuma ya Bi Hilwa. Honi ikalia nyuma ya kilima, ndefu, mpaka ndege wakaruka mtini. Sote tukakimbilia pembeni. Yeye akaendelea mbele katikati ya bonde, mgongo wima, anahesabu tasbihi yake. Nikamrukia nikamvuta mkono.

“Una nini weye?”

“Pikipiki!”

“Mbona hawakupiga honi?”

Zikatupita zote, mchanga ukatumwagikia. Nikamtazama machoni. Akageuza uso, tena kwa haraka mno.

Ndipo nikajua. Nikaikumbuka televisheni yake inayosikika kutoka kwenye lifti. Nikakumbuka anavyopenda ukae mbele yake mnapozungumza, kamwe usikae ubavuni. Na kilichoniudhi, mama huyu alijua vizuri wakati Hazim anashikana mikono na Zadock kwamba honi ni kitu asichokisikia, na akasema haya, wapige. Nilitaka kumgombeza pale pale. Nikanyamaza, na mimi kunyamaza kwangu ni kazi ya kulipwa. Maana Hazim alikuwa ameshapata habari za sufuria, na alikuwa ametoa neno lake: pikipiki zikimkaribia mama yake tena, khalas, hakuna mchanga. Mashine ya kutembelea, ile ya mkanda unaozunguka, alikuwa ameshaipimia nafasi karibu na friji. Akisikia na habari za masikio, Bi Hilwa hatatoka tena nje.

Basi nikawa masikio yake bila kuambiwa. Kila Jumamosi nasikiliza honi, namvuta, ananiuliza una nini, nasema nimejikwaa. Nimejikwaa mwezi mzima, mtu mzima mimi.

Na Zadock na sufuria yake! Jumamosi nyingine ameisahau bandani. Nyingine ameinunua, lakini mwenzake wa chumbani, Clifford, ameisongea ugali ikaungua.

“Kwa hivyo Clifford nd’o nimdai sufuria?” Bi Hilwa akamuuliza.

“Mathe, nitaleta. Si unanijua?”

“Nakujua. Nd’o maana nauliza.”

Siku hiyo Zadock alikuja na wazo. Kila pikipiki yao ina fimbo ndefu nyembamba yenye kibendera cha rangi ya chungwa, ili mtu wa ng’ambo ya kilima aione kabla haijatokeza. Sheria ya bandani ni kwamba pikipiki isiyo na bendera haitoki. Akamwambia Hazim, aliyekuja kutuchukua, kwamba mama naye ashike bendera kama hiyo, aonekane kutoka mbali.

Hazim akafurahi kama ameokota lulu. “Sikiliza, mama. Ama bendera ama mashine. Chagua.”

“Nibebe bendera? Mie gari? Bonde hili nimelijua arbab wake hajaota meno, leo nilizunguke nimebeba bendera kama mwongoza mahujaji? Abebe yeye!”

Nikamshonea hata hivyo, kitambaa kizuri cha rangi ya chungwa, nikakikunja pindo mara mbili. Akaniambia ahsante, akakitumia kushikia mfuniko wa birika. Si kwamba bendera ilikuwa nzito. Kuibeba ni kutangaza, na yeye hakuwa tayari kutangaza. Lakini hasira za siku ile tulizila sisi, safari nzima ya kurudi.

Jumamosi iliyofuata alishuka garini kabla yetu. Hazim alipoondoka, Bi Hilwa hakutembea hata kidogo. Alichukua mkeka akautandika kwenye ule upenyo kati ya vilima viwili, mlango wa bonde, akaketi akanyoosha miguu.

“Bi Hilwa, hapo wanapita,” nikasema.

“Najua wanapopita.”

Tukaketi naye, tungefanya nini? Pikipiki zikatokea, Zadock mbele, akazisimamisha. Nyuma yake wageni wakapanga foleni, wakatoa simu wakaanza kutupiga picha kama wanyama wa porini. Zadock akashuka.

“Mathe, hapa ni njia.”

“Ni jikoni.”

“Mathe, utanifukuzisha kazi.”

“Na weye wanifukuza mchangani. Tuko sawa.”

“Lakini nimekukosea nini? Honi napiga! Tulipatana honi, na napiga kila kilima, kila Jumamosi. Uliza hawa!”

Wenzangu wakatazama chini. Na mimi, nimechoka kujikwaa, ulimi ukanitoka: “Wewe Zadock, achana na honi! Honi, honi, honi itamsaidia nini?”

Nikajiuma midomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bi Hilwa akanigeukia. Nikajua leo nitatukanwa mpaka ukoo. Hakunitukana. Aliushika ukingo wa mkeka akaukunja, akaukunjua.

“Rispah anajua,” akasema. Kisha akamwangalia kijana usoni. “Honi yako siisikii, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Hata weye hapa nusu nakusikia, nusu nakusoma mdomoni. Ningesema tangu mwanzo, Hazim angenifungia ndani na mashine yake. Haya, sasa wajua. Nenda kamwambie.”

Nyuma mgeni mmoja akapiga honi kuharakisha, na Zadock akageuka akamfokea kwa Kiswahili, mgeni wa watu akaondoa mkono kwenye honi bila kuelewa hata neno moja. Halafu akaiendea pikipiki yake mwenyewe, akafungua skrubu, akang’oa fimbo yenye bendera. Akaja akaichomeka mchangani ubavuni mwa mkeka, akaikandamiza kwa buti mpaka ikasimama.

“Hii hutaibeba, mathe. Itasimama hapa. Mkija mnaichomeka, mkiondoka mnaing’oa. Ikiwa juu, tunaiona toka bandani, na bonde hatuvuki. Tutazunguka nyuma ya miti.”

“Na arbab wako?”

“Wacha nipigiwe kelele. Hata hivyo sasa sina bendera, siwezi kupanda kilima.”

Akawageuza wageni wake wakarudi walikotoka, polepole, yeye akiisukuma yake kwa miguu. Hajafika mbali simu yake ikalia. Arbab alivyopiga kelele tulimsikia sisi tuliokaa, nadhani hata Bi Hilwa.

Hazim alipokuja aliiona bendera. “Umekubali, mama?”

“Wamekubali wao. Mie sikubeba kitu.”

Masikio hatukuyataja. Lakini Hazim si mjinga. Njiani akazima redio, akasema bila kugeuka kwamba Jumatatu kuna daktari wa masikio, na kwamba mashine amewaambia wasilete. Bi Hilwa akatazama nje dirishani kana kwamba hakusikia. Hiyo aliisikia.

Nisiseme mambo yalinyooka. Kuna vijana wa mjini wenye pikipiki zao wenyewe, hao bendera kwao ni pambo. Upepo unaiangusha, tunainuka kuisimamisha, tunakaa, inaanguka tena. Arbab alimpa Zadock zamu mbaya mwezi mzima kwa kuwazungusha wageni. Na moshi bado unatufuata hadi mtini. Ila bonde tunatembea, na mimi sijikwai tena.

Mwisho wa Februari Zadock akaja kwa miguu kutoka bandani, mzigo umefungwa gazeti. Sufuria, mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Bi Hilwa akaipindua, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akauweka mfuniko juu akautikisa. Ukacheza kama jino la mtoto.

“Haubani.”

“Mathe, walikuwa na huo tu. Nitarudisha. Jumamosi ijayo…”

“Usinitajie Jumamosi ijayo!”

Akaiteleka motoni, akapika. Ulipofika wakati wa kupalia, akauweka mfuniko, akaona ulipoinuka, akachukua jiwe akaukandamiza hapo kabla ya kuweka makaa. Zadock alikuwa ameshaanza kuondoka.

“Wapi weye? Kaa ule.”

“Na mfuniko, mathe?”

“Nimesema kaa. Sikudai tena.”