Nati Niliyomficha Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja nje kidogo ya Chala, nimeketi kwenye usukani wa pikapu iliyokufa injini, na kando yangu ameketi mwanamke niliyetaka awe mama mkwe wangu. Barabara ya Sumbawanga wakati huo ilikuwa ya vumbi. Alasiri ile wazee wa ukoo wao walikuwa wanakutana mjini kujibu posa yangu kwa binti yake, Odilia, na neno lililosubiriwa ni la Mama Odilia. Asipofika, kikao kinavunjika. Akifika amechukia, posa yangu imekwisha.

Pikapu ilikuwa yake. Wiki iliyotangulia nilimtengenezea usukani bila kuombwa, ili anione fundi. Ufundi wangu niliutoa katika kitabu kimoja kilichochanika, na kurasa zilizokosekana, ukitaka kujua, zilikuwa za usukani. Hata hivyo nilimwambia, "Mama, sasa hata mtoto anaweza kuiendesha." Asubuhi ile, kabla hatujaondoka, nilishika gurudumu la mbele, nikalitikisa, nikalisikia linacheza. Nikanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ya gari, kisha nikapanda humo humo.

Injini ilipozima tuliipigia stata mpaka betri nayo ikafa. Msaada ukaja kwa namna ambayo sijaiona tena. Wazungu wawili wazee, mume na mke, walikuwa wanaelekea Zambia na gari kubwa lenye nyumba mgongoni: kitanda, jiko, hadi mapazia. Dereva wao, Sichone, mtu wa Mbeya, alitoa bomba la chuma la kuvutia magari, akalifunga nyuma kwao na mbele kwetu. Kisha akaniuliza, Mama akisikia:

"Fundi, usukani mzima? Gari likivutwa, kitu kikiwa kimelegea huko chini, magurudumu yatacheza ngoma. Sema sasa tukaze."

Spana alikuwa nazo mkononi, mwanangu. Dakika kumi zingetosha.

"Mzima kabisa," nikasema.

Tukaondoka.

"Nyumba inakwenda mjini na jiko lake," Mama Odilia akasema, "na sisi tunaifuata kama mbuzi wa mnadani."

Nilicheka kwa adabu, macho mbele, kwa kuwa kwetu kijana aliyepeleka posa hamkodolei macho mkwe wala hamzidishii maneno.

Kwenye mteremko wa kwanza tukapiga shimo. Usukani ukaanza kutikisika, kushoto kulia, kushoto kulia, upesi kuliko mikono yangu. Nilivyouminya ndivyo ulivyozidi. Kofia ikanishukia machoni.

"Baba, unauchezea nini huo usukani?"

"Nausikiliza, Mama."

"Na hayo meno yako yanayogongana, nayo yanausikiliza?"

Honi hatukuwa nayo. Ishara ya kusimama hatukupatana. Nilikanyaga breki, lakini injini ikiwa imezima breki huwa ngumu kama jiwe, na nyumba ile hata haikuhisi. Mama akatoa kichwa dirishani, akapiga kigelegele kirefu ili Sichone asikie. Pazia la nyuma likafunguka. Bibi wa Kizungu akatupungia mkono kwa furaha, akatupiga picha.

"Anadhani tuna harusi!" Mama akasema. "Kijana, gari langu lina nini? Nitazame, useme kweli. Kama ni kufa, nife nikijua."

Nikamtazama. "Ni nati ya usukani, Mama. Sikuikaza sawasawa. Nilijua tangu asubuhi, nikaona aibu."

Mama akavua kitambaa cha kichwani, akakipunga dirishani kwa mikono miwili, akilia, "Tunakufa! Tunakufa!" Bibi akashusha kamera. Punde nyumba ikaanza kupunguza mwendo, na mwendo ulipopungua, usukani ukatulia wenyewe, kama mtoto aliyechoka kulia.

Tuliposimama, Sichone akaingia chini ya pikapu. Alipotoka alikuwa ameishika nati. Ilitoka kwa vidole viwili, bila spana.

"Pini yake ya kuizuia iko wapi, fundi?"

"Sikujua kwamba ina pini."

Aliirudisha, akaikaza, akaifunga kwa pini aliyoitoa katika vifaa vyake. Mama Odilia akasimama mbele yangu. "Ungesema pale Chala," akasema, "ningekuona fundi mchanga. Hukusema. Ukaniketisha juu ya uongo wako, ukaniteremsha nao mlima."

Tulifika mjini tumechelewa kidogo. Niliwekwa nje, lakini mlango ulikuwa wazi, nikasikia wazee wakimuuliza kijana huyu ni mtu wa namna gani.

"Mwongo," akasema.

Nikatafuta njia ya kuondokea.

"Ila uongo hauwezi," akaendelea. "Ukimkaa tumboni anatetemeka mpaka meno. Huyu hatamficha binti yangu kitu kikavuka mteremko mmoja. Mpeni."

Basi, mwanangu, kabla hujavutwa na mtu, tikisa magurudumu yako na mpatane ishara ya kusimama. Usukani ukianza kucheza, usishindane nao, punguza mwendo. Na mtu akikuuliza kama u mzima, wakati bado anaweza kukusaidia, mtajie kilicholegea, hata mkwe akisikiliza. Aibu ya kusema ni ya dakika moja; ya kunyamaza hukua kadiri unavyokimbia.

Mungu akupe jicho la kuona kasoro yako mapema na ulimi mwepesi wa kuitaja. Uende, ufike, na wanaokungoja uwakute wazima.