Manjano ya Kitabu cha Padre

Sijali nikiambiwa nina mdomo mrefu. Mtoto ni wangu, na nitasema.

Mwaka huo nilikuwa napiga taipu sala za Misa kwa Kiswahili. Bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshashushwa Kakamega, sasa Kilatini nacho kilikuwa kinatoka kanisani, na Padre alitaka mtu aliyemaliza kidato cha nne. Mtoto nilimwacha na mama mkwe, ambaye sote nyumbani tulimwita Kukhu, nyanya. Baba mtu alikuwa Nairobi, akituma salamu.

Mtoto alikuwa ameshikwa na degedege tangu mvua zianze, akapona, akashikwa tena. Asubuhi moja nikamkuta Kukhu anasugua kikombe cha bati kwa majivu.

"Leo katekista analeta maji ya kitabu," akasema.

Kitabu hicho kila mtu misheni alikijua. Mwezi wa Maria Padre alikuwa akikifungua chini ya sanamu, tuone Bikira aliyechorwa na dhahabu pembeni. Aliwaambia akina mama kwamba huko kwao Ulaya wanawake wenye uchungu wa kuzaa walikuwa wakiwekewa kitabu hicho tumboni, na wenye watoto wagonjwa walikibusu mpaka uso wa Bikira ukafutika. Alisema kwa kujivunia. Wanawake wetu walisikia dawa.

"Maji ya kitabu ndiyo nini, Kukhu?"

"Wewe si umesoma? Mimi nilikulia karibu na Mumias. Mwalimu wa Waislamu anaandikanga maneno ya Mungu kwenye sahani kwa zafarani, wino wa njano, anayaosha, mgonjwa anakunywa. Kombe. Anapona! Na sisi tuna kitabu kizima, tukiangalie tu kama picha ya kalenda?"

"Ndiyo yale aliyopewa mtoto wa jirani? Si alikufa!"

"Alicheleweshwa. Enda kazini, kidato cha nne. Utachelewa na wewe."

Niliona ni maji na maneno tu. Nikaenda nimenuna.

Padre alikuwa amekiweka kitabu mezani, karibu na taipureta yangu, anakitazama kwa miwani yake ya kusomea. Karibu na dirisha nikaona kurasa zake vizuri kwa mara ya kwanza. Hazikuwa karatasi. Zilikuwa ngozi ya ndama, na upande mmoja bado ulikuwa na vitundu vya manyoya. Padre hupenda kueleza, sikumwuliza. Alisema watawa walikichora zamani sana, kabla hata Mzungu hajajua kuna nchi kama hii, katika chumba baridi ambacho moto ulikatazwa usije ukaunguza kazi. Buluu ilitoka kwenye jiwe la nchi za mbali. Dhahabu ilibandikwa kwa ute wa yai. Vita vilikuja, nyumba ya watawa ikachomwa, mmoja akakimbia na kitabu ndani ya gunia la shayiri. Kikapita mikono mingi mpaka kikafika kwa nyanya yake Padre. Yeye akakileta kwa meli, kwa gari moshi mpaka Kisumu, kwa lori mpaka hapa.

"Lakini tazama," akasema, akiweka kidole kwenye joho la malaika. "Manjano yanaisha. Mende hawa wa Kakamega!"

Nikainama. Mende hakwaruzi mistari iliyonyooka. Ilikuwa ncha ya kisu.

"Mende atakufa tu," Padre akacheka. "Manjano haya ni sumu. Watawa walionywa wasilambe brashi."

"Sumu gani, Padre?"

"Aseniki. Ile ile mnayotia kwenye josho la ng'ombe."

Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua ng'ombe aliyekunywa maji ya josho anavyokufa. Niliangusha kiti. Padre aliniita, sikugeuka. Nilikimbia na viatu mkononi, kupitia mahindi ya watu, nikitukanwa.

Kukhu alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani, kikombe mdomoni mwake.

"Amekunywa?"

"Nusu. Anatema tema, hajui kitu kizuri."

Nilipiga kikombe kikaruka mpaka uani. Nikamtia mtoto kidole kooni akatapika kwenye nguo yangu, njano, na Kukhu akapiga kelele kwamba nimeingiwa na pepo. Nikambeba mpaka hospitali. Aliharisha, akalegea, macho yakazama ndani. Kukhu alinifuata akakaa sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, hakusema tena habari za Mumias. Mtoto alipoanza kunyonya tena, ndipo Padre akaja.

"Tangaza Jumapili," nikamwambia. "Sema ni sumu."

"Mwanangu, tusiwatie watu hofu. Nimekifungia. Katekista nimemkanya."

"Na waliokwisha kunywa?"

Alishika msalaba wake, akauangalia.

"Usiposema wewe, nitasema mimi."

Jumapili Misa ilisomwa kwa Kiswahili changu, neno kwa neno. Padre akatangaza ndoa, akatangaza kazi ya kufyeka makaburi, akafunga daftari. Nikasimama na mtoto mgongoni. Nikasema manjano ni nini, na nani alikuwa anayakwaruza na kuyatia majini, na kwamba aliyebakiza maji hayo nyumbani ayamwage shimoni.

"Keti chini, mama!" katekista akafoka. "Hapa ni nyumba ya Mungu, si baraza!"

Kukhu akainuka upande wa wazee. "Mwache aseme. Mimi ndiye nilishika kikombe."

Kwenye mabenchi ya wanawake niliona mikono ikipapasa vipaji vya nyuso za watoto, mmoja mmoja. Kisha jirani yetu, yule aliyezika mtoto, akatoka katikati yao akaja mpaka akasimama mbele yangu.

"Wangu alitapika njano," akasema. "Nikafurahi. Nilidhani ugonjwa unatoka."