Maneno Niliyomlisha Bibi

Mdomo ndio uliokuwa kazi yangu. Katika banda la video pale Tunduma nilishika maikrofoni nikawatafsiria watazamaji filamu za lugha ambazo hata mimi sikuzijua. Mwigizaji akikohoa, nilimpa sentensi tatu. Watu walicheka, kesho yake wakarudi, nami nikajiona mtaalamu.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kiitaliano, mwongozaji wa filamu. Alitaka mtu wa kumtafsiria Kinyiha kwa Kiingereza katika kijiji cha Ruanda, kwa wakulima wa kahawa, na mimi ni Mnyiha wa hukohuko. Njiani alinisimulia maisha yake. Alianza kwa kufagia ukumbi wa sinema kijijini kwao, akawa mbeba taa, mwishowe akaongoza filamu zake mwenyewe: za wavuna mpunga, za wafua nguo, watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu. Wenzake walitajirika kwa filamu za mapenzi. Yeye alizeekea nyumba ya kupanga.

"Hii ndiyo ya mwisho," aliniambia. "Na sijawahi kumlisha mtu maneno."

Nikaitikia kwa kichwa, mnafiki mkubwa mimi.

Tulimkuta bibi mmoja mjane, jirani wa mama yangu, akichagua kahawa kwenye kichanja. Mzee akauliza: mumewe alipofariki, alijisikiaje? Bibi alijibu kwa Kinyiha, bila hata kuinua macho.

"Nilipumua. Mikahawa hii nimeipanda mimi. Yeye alikuwa anaiona siku ya kuuza tu."

Nikamgeukia mzee. "Anasema alilia mpaka machozi yakamkauka. Kila mkahawa unamkumbusha marehemu."

Mzee akavua kofia, machozi yakamlengalenga. Ningeweza kusema nilimsitiri bibi mbele ya mgeni, lakini si kweli. Nilitaka tu kuona kama naweza kumliza mtu aliyewaliza wengi. Baadaye alinipa karatasi niandike Kiswahili cha kuwekwa chini ya picha, kwa ajili ya watu wa kwetu. Nafasi ya kujisahihisha ilikuwa hiyo. Niliandika uongo uleule, tena kwa mwandiko mzuri.

Mwaka uliofuata mzee alifariki, na binti yake akatutumia ile filamu. Tuliionyesha kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa, bibi amekaa mbele, karibu yangu. Sura yake ikatokea, sauti yake ikasema kwa Kinyiha, "Nilipumua," na chini yake yakapita machozi niliyoyabuni mimi. Ukumbi mzima ulisikia hili na kusoma lile. Halafu vichwa vikaanza kunigeukia, kimoja baada ya kingine. Mama yangu alijifunika kanga usoni. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kiasi cha kufika Italia na kurudi. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Bibi hakujua kusoma. Alinigusa goti.

"Mjukuu wangu, yale maandishi yanasemaje?"

Watu wote walikuwa wananisikiliza.

"Yanasema ulipumua, bibi. Yanasema mikahawa umeipanda wewe."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, mjukuu wangu. Nilidhani utaogopa kuyaandika."