Vipimo vya Makochi

Mdogo wangu alinipigia simu kunieleza kwamba kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya ndoa, imeshagawa zawadi, na mimi nimewekwa kwenye kundi la watu wa friji. Nilimjibu kwamba sina uwezo wa friji wala wa mlango wa friji. Nitafuma seti ya vitambaa vya makochi.

"Vitambaa, dada? Mjini watu hawaweki tena vitambaa."

"Wanaweka nini?"

"Wanaacha kochi lionekane."

Katika maneno yote yaliyosemwa kuhusu sherehe ile, hayo ndiyo yaliyokuwa na ukweli mwingi kuliko mengine, ingawa aliyeyasema hakujua.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nduguti. Nashona sare za shule, na napanua suruali za watumishi wa ofisi mpya, ambao huletwa wembamba na mwaka hauishi kabla hawajaja dukani kwangu. Kufuma sikufundishwa na mtu. Muuza karanga mmoja mnadani alikuwa akichana kijitabu na kufungia karanga zake, nikaona mchoro wa ua kwenye karatasi yangu. Nilinunua kurasa zilizobaki. Hadi leo sijui ni lugha gani ile, lakini michoro ilikuwa na alama, na alama hazina lugha. Duara ni mnyororo, msalaba ni mshono mfupi, msalaba wenye mkia ni mshono mrefu. Ilinichukua msimu mzima wa mvua kuyajua hayo matatu. Naeleza hivi kwa sababu katibu wa kamati, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni na gari asilokuwa nalo, alisema mbele ya kikao kwamba mama mkubwa wa bibi harusi "anatupatia mambo ya kanisani ya zamani".

Nilinunua roli kumi na mbili za uzi, ndizo nilizozimudu. Nane zilikuwa nyeupe na nne za rangi ya maziwa, kwa kuwa nyeupe zilikwisha dukani. Mwenye uzi mchache hakisii. Nikamwomba binti vipimo: upana wa mgongo wa kila kochi, urefu wa mikono yake, na kina cha kikalio.

"Fuma tu, mama mkubwa, vitatosha."

Hakuna kitu kinachofumwa "tu". Nikamwomba bwana harusi, fundi pikipiki. Alinijibu kwenye simu kwa vikaragosi viwili vya kucheka na kimoja cha mikono iliyofumbatana. Nikamwomba katibu. "Mama, kochi ni kochi," akasema. Mtu wa namna hiyo ndiye waliyemkabidhi ukumbi.

Makochi yenyewe nilikuwa nimeyaona, kama ukoo mzima ulivyoyaona, kwenye picha iliyotumwa katika kundi la simu. Bibi na bwana harusi wamekaa kwenye seti ya rangi ya damu ya mzee, miguu imepishanishwa. Mdogo wangu aliituma picha ile mara tatu. Alikuwa ameapa kwamba binti yake hatakwenda kukaa chini, na hakuwa mtu wa kutania. Mchumba wa kwanza wa binti, mwalimu, alitembelewa na mdogo wangu kwake Mwankoko akakutwa anakalia ndoo iliyofunikwa ubao. Barua ya posa ya mwalimu ilirudishwa wiki hiyohiyo.

Kwa kukosa vipimo nilitumia kiatu cha bwana harusi. Nilikadiria ni namba arobaini na mbili, nikahesabu viatu vingapi vinaingia kwenye upana wa kochi pichani, nikaanza. Nilipomaliza vitambaa viwili vikubwa nilijidharau. Kazi ya viatu haikuwa kazi. Nikapanda basi la Singida nikiwa na futi yangu shingoni, na sikumtaarifu mtu.

Chumba chao kilikuwa Utemini, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Bwana harusi alikuwa kazini. Binti, aliyekuja kufagia, alifungua mlango nusu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kupima."

"Kupima nini tena?"

"Makochi."

Alisimama mlangoni kama askari wa zamu. Nikapita chini ya mkono wake. Mimi ni mfupi. Kilikuwa chumba kimoja. Godoro lilikuwa chini, kwenye kona iliyoingia ndani kidogo. Jiko la gesi, ndoo mbili, viti viwili vya plastiki vya bluu, kimoja kimeshonwa mgongoni kwa waya. Sitaukataa ule mshono wa waya. Ulikuwa umeshonwa vizuri.

"Makochi yako wapi?"

"Dukani."

"Mmelipia?"

"Tulikaa tu kupiga picha. Mwenye duka alitupa dakika tano."

Nilikaa kwenye kiti kizima. Fedha za kijana zilikuwa zimekwenda kwenye suti, kwenye mapambo, na kwenye vitenge vya sare vya watu wa kwao, ili wageni mia kadhaa wasiomjua waondoke wakimsifu kwa siku mbili.

Binti alipiga magoti. "Mama mkubwa, nakuomba. Mama akijua, hakuna harusi. Unamkumbuka yule mwalimu?"

"Namkumbuka. Yule hakudanganya."

"Ndiyo maana hakuoa."

Nilimuuliza kama huyu wa pikipiki anamtaka kweli au anataka ukumbi. Alisema anamtaka yeye; ukumbi wanautaka wengine. Nilimwambia sitadanganya kwa ajili yao, ila sitasema lolote. Nilijua wakati uleule kwamba nimesema mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Kisha nikavua futi shingoni nikapima uwazi wa ile kona. Sentimita mia moja arobaini na mbili.

Kurudi nyumbani nilifumua vitambaa vyote viwili. Uzi ule ungetosha pazia moja la kutenga kona ya godoro, mradi nisiufuje. Godoro lililo chini linahitaji kufichwa chini, si juu. Kwa hiyo nilibana mishono kuanzia pindo hadi usawa wa kiuno, na juu yake nikaacha matundu makubwa, kama wavu. Rangi ya maziwa niliiweka kwenye pindo ili ionekane nimekusudia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufuma, na haikuwa na maana yoyote kwa mtu asiyejua kona ile.

Kadi ilisema saa kumi jioni. Nilifika dakika kumi kabla, nikawakuta watu wa spika wanafunga nyaya. Wageni waliingia kuanzia saa kumi na mbili, na wa mwisho ndio waliopigiwa makofi. Bibi na bwana harusi waliketishwa kwenye viti virefu vya dhahabu vya kukodi, kila kimoja kina simba wawili. Niliwaza viti vya bluu.

Mama wakubwa na mama wadogo tukaitwa. Watu wa friji walicheza kutoka mlangoni hadi mbele wakiwa wamezunguka friji moja, wanawake kumi na wanne, na kila mmoja amegusa kwa kidole. Nilifuata peke yangu. Mshereheshaji alichukua pazia langu, akalikunjua kutokea juu, akaweka uso nyuma ya matundu.

"Bwana harusi, nisaidie! Hii ni ya kuzuia mbu au ya kuzuia magoli?"

Ukumbi ukacheka. Katibu alicheka hadi funguo zikalia. Bwana harusi alitazama viatu vyake, ambavyo niliona vizuri sasa: namba arobaini na nne. Binti alinitazama mimi, na hakutazama kwingine mpaka nilipokaa.

Mdogo wangu alinijia kwenye meza, akainama sikioni, akahamia Kinyiramba kama afanyavyo akiwa na hasira. Aliniuliza vitambaa vya makochi viko wapi. Alikuwa amewatangazia wakwe. Nimemwaibisha. Miezi yote ile, nimeshindwa hata kitambaa kimoja?

"Uzi uliniishia," nikasema.

Sijawahi kuishiwa uzi. Mtu anayepima haishiwi uzi. Alinitazama kwa dharau kamili, na nilistahili, ingawa si kwa sababu aliyodhani.

Walifunga ndoa. Mwezi wa pili baada ya hapo mdogo wangu alikwenda Utemini bila kutaarifu, kwa kuwa ni tabia ya ukoo. Alinipigia simu akiwa stendi.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nimekalia plastiki, dada. Mimi!"

"Chenye waya au kizima?"

Nilisubiri matusi, au kilio, au habari kwamba amerudi na binti yake. Badala yake alisema pazia limekaa vizuri, na kwamba mkwe alimchinjia kuku na kumnawisha mikono mwenyewe. Jioni ile niliona ameandika kwenye kundi la simu kwamba ametoka kuwasalimia watoto, wanaendelea vizuri, na makochi yamepelekwa kubadilishwa kitambaa. Watu wa friji walimpongeza. Katibu aliweka vikaragosi vya moto.

Baadaye akaniandikia mimi peke yangu. Je, ninaweza kufuma vitambaa viwili vidogo vya viti vya plastiki, kimoja kirefu mgongoni kifunike waya?

Nikamwandikia: Nipe vipimo kwanza.

Vikaja kabla sijaiweka simu chini, hadi nusu sentimita.